Plastiki ya Gari Ikipauka, Tuipake Nini?

Ndugu msomaji, somo letu la leo linahusu jambo ambalo pengine utalicheka. Utasema, hawa mabwana elimu wameishiwa masomo mpaka wanatufundisha kupaka gari mafuta? Hebu vumilia kidogo. Jambo lenyewe limewagharimu wenzetu fedha, na limekaribia kuwagharimu jina lao zuri.

Katika tarafa yetu kuna kikundi cha kuweka na kukopa chenye watu 14. Tisa kati yao walijifunza kusoma na kuandika katika darasa letu, lile lililokuwa chini ya mwembe karibu na ofisi ya kijiji. Kikundi kilijinyima, kikanunua gari aina ya Probox lililotumika, la kuchukua abiria siku za soko na kupeleka wagonjwa hospitali ya wilaya. Probox zilianza kutengenezwa Japani mwaka 2002, na sasa zimejaa katika barabara zetu za vumbi. Ukizitazama utaona kuwa bampa nyingi, au sehemu za bampa, hazikupakwa rangi. Ni plastiki nyeusi tupu. Hali kadhalika vifuniko vya vioo vya pembeni, vishikio vya milango na ile plastiki iliyo chini ya kioo cha mbele, pale waipa zinapokaa.

Gari la kikundi lilikuwa halina banda. Lilishinda juani na kulala nje. Baada ya muda ile plastiki nyeusi ikawa ya kijivu, kisha ikawa nyeupe kama miguu ya mtoto aliyecheza mavumbini mchana kutwa. Dereva, kijana hodari tu, akaenda kwa fundi, akapewa oili chafu ndani ya kopo. Akapaka. Plastiki ikawa nyeusi tititi, inang'aa. Kila mtu akamsifu.

Siku ya soko ikafika. Mama mmoja abiria alikuwa amevaa kitenge kipya, anakwenda kwenye posa ya binti yake. Akaegemea bampa la nyuma akimpakia jogoo. Alipogeuka, kitenge kilikuwa na doa jeusi la upana wa sahani.

"Mwanangu, mbona gari lako linanichafua?"

"Samahani sana mama. Ni oili tu hiyo, kwa sabuni itatoka."

Haikutoka. Kikundi kililipa kitenge kingine. Ukifungua daftari la matumizi la mwezi ule utaukuta mstari huu: "Kitenge, doa la oili." Katibu aliyeuandika alikuwa hajui kushika kalamu alipokuja kwetu darasani. Tunamsifu kwa kuwa hakuificha aibu ile chini ya maneno "matumizi mengineyo", kama tunavyoona katika vitabu vya hesabu vya watu waliosoma zaidi yake.

Lakini kubwa lilikuwa bado. Kikundi kilitaka kuliuza gari lile, kiongeze fedha kinunue kubwa zaidi. Akaja mnunuzi kutoka mjini, mzee mmoja mtaratibu. Hakufungua hata boneti. Alitoa leso yake nyeupe mfukoni, akaipitisha juu ya bampa, akaitazama. Ikawa nyeusi.

"Ndugu zangu," akasema, "kama hapa nje mmepaka oili ili nisione, huko ndani ya injini mmenificha nini?"

Wakaapa kwamba injini ni nzima, na kweli ilikuwa nzima. Mzee akawashukuru kwa chai, akapanda basi, akaenda zake. Ndipo wale wenzetu walipotujia ofisini na kuuliza: "Mwalimu, basi tupake nini?"

Nasi, tuseme kweli, tulikuwa hatujui. Pikipiki ya ofisi yetu ina madigadi nyeusi za plastiki, na tulikuwa tunazipaka kiwi ya viatu kila mkaguzi anapotarajiwa! Mvua moja ikinyesha, kiwi yote inahamia kwenye suruali. Basi tukasoma, tukauliza mafundi, tukajaribu wenyewe. Haya yafuatayo ndiyo tuliyoyapata.

PLASTIKI HUPAUKA KWA SABABU GANI?

Plastiki ya bampa kwa kawaida ni ya aina iitwayo polipropilini. Ni plastiki ile ile inayotengenezewa viti vyeupe tunavyokodi kwenye harusi na misiba. Ni nyepesi, kipande chake kikitupwa majini huelea. Ukilivua bampa na kutazama upande wa ndani, mara nyingi utakuta herufi zimepigwa muhuri hivi: >PP<. Hiyo ndiyo alama yake. Pengine hufuatiwa na alama nyingine, maana watengenezaji huchanganya humo raba kidogo ili bampa lisivunjike upesi, na unga wa jiwe laini liitwalo talki ili liwe gumu. Zamani bampa lilikuwa la chuma. Mwaka 1972 kampuni ya Renault ya Ufaransa ilitoa gari dogo, Renault 5, lenye bampa za plastiki, na baada ya hapo kampuni nyingine nazo zikaacha chuma kidogo kidogo.

Weusi wa plastiki hiyo hautokani na rangi iliyopakwa juu. Ni masizi. Ndiyo, masizi kama yale ya chini ya sufuria, ila yamesagwa yakawa laini mno, yakachanganywa na plastiki ilipokuwa bado uji. Kazi yake si urembo tu. Masizi humeza mionzi ya jua isipenye ndani ya plastiki.

Sasa, katika mwanga wa jua mna mionzi ambayo macho yetu hayaioni, iitwayo urujuanimno. Kwetu huku karibu na Ikweta jua hupita utosini, kwa hiyo mionzi hiyo ni mikali. Ukitaka kuelewa inachofanya, fikiria plastiki kuwa ni kamba ndefu nyingi zilizosokotana. Mionzi hiyo, ikisaidiana na hewa ya oksijeni, huzikata kamba zile za juu zikawa vipande vifupi. Ngozi ya juu ya plastiki hupasuka nyufa ndogo ndogo mno, ndogo kuliko unavyoweza kuona, ikaanza kutoa unga. Juu yake sasa ni mparuzo. Mwanga ukipiga mahali penye mparuzo hutawanyika huku na huku, na jicho linaona weupe.

Hebu jaribu hivi. Okota jiwe jeusi la mtoni. Likiwa na maji ni jeusi kweli. Liache likauke, litakuwa la kijivu. Jiwe halikubadilika. Maji yaliziba mparuzo wake, basi. Plastiki nayo ni vivyo hivyo, na ndiyo maana kila kitu cha majimaji unachopaka, hata mate, huirudishia weusi kwa muda. Ndiyo maana vile vile watu wanadanganyika kwamba oili chafu ni dawa.

Wengine husema plastiki "imekauka mafuta yake", kwa hiyo tuilishe mafuta kama ngozi ya mwili. Si sahihi. Mguu uliopauka una uhai, chini ya ngozi kuu kuna ngozi mpya inayokuja. Plastiki haina uhai. Iliyokatika imekatika. Tunachoweza kufanya ni mambo mawili tu: kuondoa uchafu na unga uliolegea, kisha kuziba mparuzo kwa kitu kitakachodumu na ambacho hakitaleta madhara.

KWANZA IPIME

Chovya kidole katika maji, sugua sehemu iliyopauka. Ikiwa imekuwa nyeusi, kisha ikikauka inarudi nyeupe, dawa itasaidia. Ikiwa kidole kimetoka na unga mwingi mweupe, itasaidia pia lakini usafishaji utakuwa wa kazi zaidi. Na ikiwa unaona nyufa kwa macho, au plastiki inamegeka ukiibonyeza, hapo hakuna cha kupaka. Plastiki hiyo imekufa. Ni kama kile kiti cha harusini kilichokaa juani miaka mingi: mgeni mnene akikikalia, miguu ya kiti inatawanyika na shughuli inaharibika.

Tazama pia kama weupe ule si wa jua bali ni wa nta. Waosha magari wa mjini hupaka nta ya kung'arisha bodi, wakafika mpaka kwenye plastiki. Nta ikikauka ndani ya vijishimo vya plastiki huacha michirizi myeupe. Dawa yake utaipenda: siagi ya karanga! Chukua kidogo kwa mswaki wa zamani, sugua. Mafuta ya karanga hulainisha nta na chembechembe zake huikwangua bila kukwaruza plastiki. Kisha osha vizuri kwa sabuni, la sivyo siafu watakuja kumalizia kazi. Raba ya kufutia penseli nayo huondoa michirizi midogo.

KUSAFISHA NDIYO KAZI YENYEWE

Hapa tunaomba usiharakishe. Katika majaribio yetu, kila mara tulipokosea tulikosea hapa. Ukipaka dawa juu ya vumbi umelipaka vumbi, na vumbi litaanguka pamoja na dawa yako.

Egesha gari kivulini, asubuhi, plastiki ikiwa baridi. Mimina maji kwanza ili mchanga uondoke, maana mchanga ukisuguliwa huikwaruza plastiki na hata rangi ya bodi. Kisha tumia maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na brashi laini. Mswaki uliochakaa unafaa sana pembeni na kwenye vishikio vya milango. Sugua kwa kuzungusha. Suuza, rudia. Ikiwa palikuwa na oili chafu, rudia mara tatu au nne, mpaka kitambaa cheupe kipite na kutoka cheupe. Fanya kazi hiyo mbali na kisima na mto, na usitumie petroli au tina kwa kutaka wepesi. Petroli hudaka moto upesi, nayo huharibu raba na rangi. Steeluulu na msasa viache pia. Plastiki hii imetengenezwa na vijishimo makusudi, ukiisaga utapata madoa laini yanayong'aa ambayo hayaondoki milele.

Halafu iache ikauke kabisa. Maji hujificha kwenye maungio, yakatoka taratibu wakati umekwisha anza kupaka. Sisi tuliacha saa mbili juani, kisha tukarudisha gari kivulini likapoa.

TUPAKE NINI SASA?

Katika maduka ya spea utakuta dawa za aina nyingi, na hapa ndipo kujua kusoma kunapolipa. Usinunue kwa picha iliyo juu ya chupa. Soma kibandiko. Maandishi mengi ni ya Kiingereza, lakini yako maneno mawili unayoweza kuyatambua kwa herufi zake. Ukiona FLAMMABLE, maana yake inashika moto, usiivutie sigara karibu. Ukiona SILICONE, maana yake ina silikoni, kitu kinachoteleza kuliko sabuni.

Dawa za kawaida za kung'arisha, zile za maziwamaziwa au za kupuliza, ni rahisi kwa bei na hupendeza siku hiyo hiyo. Lakini hukaa juu tu. Zinadumu majuma machache, na mvua za masika huzimaliza upesi. Kwa mtu anayeosha gari kila Jumamosi si mbaya. Chagua iliyochanganywa na maji kuliko ya mafuta ya petroli, haishiki vumbi sana.

Aina ya pili ni dawa inayoganda. Ukiipaka hukauka na kuwa utando mgumu ulioshikamana na plastiki. Bei yake ni kubwa na chupa yake ni ndogo, lakini hudumu miezi mingi, na ile nzuri hupita mwaka. Hii hupakwa kidogo kidogo kwa kipande cha sponji, sehemu moja moja. Ukiona imezidi mahali, futa kabla haijakauka, la sivyo itaganda na alama. Zuia isiguse rangi ya bodi. Bandika tepu ya karatasi kwenye mpaka. Kisha gari lisilowe kwa muda ulioandikwa kwenye kibandiko. Kwa maoni yetu, kwa gari la biashara linaloshinda juani, hii ndiyo ya kununua.

Kupaka rangi kabisa inawezekana, lakini mpe fundi anayejua. Polipropilini haishikani na rangi. Bila praima maalumu ya plastiki, rangi itabanduka kama maganda ya kitunguu, na hapo bampa litakuwa baya kuliko lilivyoanza.

Jambo moja la hatari. Dawa yoyote yenye silikoni isifike kwenye diski za breki, kwenye sehemu ya tairi inayokanyaga barabara, kwenye pedali, wala kwenye kiti cha pikipiki. Madereva wa bodaboda, hapa tunawatazama ninyi! Usipulize chupa kuelekea gurudumu. Pulizia kitambaa, kisha futa kwa kitambaa. Na isiguse kioo cha mbele, maana usiku wa mvua utaona taa za mwenzako zimetawanyika kioo kizima.

VITU AMBAVYO WATU HUPAKA

Oili chafu tumekwisha isema, lakini doa la kitenge si ubaya wake mkubwa. Oili iliyokwisha tumika katika injini ina kemikali ambazo, zikigusa ngozi mara kwa mara kwa miaka, zinaweza kuleta saratani ya ngozi. Ikioshwa na mvua huingia ardhini na majini. Tena hulainisha na kuvimbisha raba za milango. Gari la wenzetu lilianza kuingiza maji mlango wa nyuma, na hawakujua kwa nini.

Mafuta ya alizeti hung'aa siku mbili, yakawa mnato, vumbi likapata makao. Kiwi ya viatu, mmesikia habari zetu.

Mafuta ya kitani wanayotumia maseremala yanaganda vizuri zaidi, na wako wanaoyasifu. Lakini sikilizeni. Kitambaa kilicholowa mafuta hayo kikikunjwa na kutupwa pembeni huanza kupata joto chenyewe, na kinaweza kuwaka moto bila mtu kukiwasha. Karakana zimeungua namna hiyo. Ukiyatumia, tandaza kitambaa nje, kimoja kimoja, kikauke, au kizamishe katika ndoo ya maji.

Na moto wenyewe? Mjini wapo vijana wanaorudisha weusi kwa mashine ya kupuliza hewa ya moto. Wengine, wasio na mashine, hutumia mtungi wa gesi na mwali wake. Ni kweli kwamba weusi hurudi. Joto huyeyusha ule mparuzo wa juu ukalala. Lakini polipropilini huyeyuka karibu na nyuzi 160 za Selsiasi, na mashine nyingi za namna hiyo huweza kutoa hewa ya nyuzi zaidi ya 500. Ukisita mahali pamoja kwa kufumba na kufumbua, bampa limepinda. Mwali wa moto karibu na tangi la petroli hatuhitaji kuueleza. Tena huchukua ile ngozi iliyochoka na kuilaza tu. Baada ya miezi jua huirudia, na kila mara plastiki inazidi kuchoka. Sisi hatushauri.

KAZI YA JUMAMOSI MOJA

Wanachama sita wa kikundi walikuja na miswaki yao. Kuiondoa ile oili kulichukua asubuhi nzima, na dereva ndiye aliyesugua kuliko wote bila kuambiwa. Walinunua chupa moja ya dawa inayoganda. Walipomaliza, plastiki haikung'aa. Ilikuwa nyeusi ya kawaida, kama gari lililotunzwa. Mama katibu akapitisha leso nyeupe, akatuonyesha sote mmoja mmoja.

Kisha ukazuka ubishi. Baadhi walitaka mnunuzi aitwe siku ile ile gari likiwa zuri. Mwenyekiti akasema matairi mawili ya mbele yamekwisha, na mnunuzi atakayedanganywa na bampa leo atakufa na matairi kesho. Wakabishana mpaka jua likazama. Waliamua kununua matairi kwanza, kisha kumwandikia yule mzee barua. Barua ilieleza kwamba bampa lilikuwa na oili chafu, imeondolewa, na plastiki imepakwa dawa kwa kuwa ilikuwa imepauka. Kwamba raba ya mlango wa nyuma inavuja. Na kwamba injini anakaribishwa kuikagua na fundi wake mwenyewe. Tuliisoma kabla haijatumwa. Tulisahihisha herufi mbili tu.

Gari pia limejengewa kibanda cha makuti. Hiyo ndiyo dawa ya bei rahisi kuliko zote tulizozitaja, nasi tunaona haya kwamba hatukuitaja kwanza.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI CHENU

1. Kwa nini jiwe lenye maji huonekana jeusi kuliko jiwe kavu? Jambo hili linahusianaje na bampa?

2. Taja sehemu nne za gari au pikipiki ambazo dawa yenye silikoni isiziguse. Eleza sababu kwa kila moja.

3. Hesabu. Tuseme dawa inayoganda inauzwa shilingi 15,000 kwa chupa ya mililita 100. Kila mara unatumia mililita 25, na inadumu miezi 3. Dawa ya kung'arisha inauzwa shilingi 6,000 kwa chupa ya mililita 250. Kila mara unatumia mililita 25, na inadumu majuma 2. Kwa mwaka mmoja wa majuma 52 utanunua chupa ngapi za kila aina, na ipi itakugharimu fedha chache?

4. Kama ungekuwa mwanachama wa kikundi kile, ungekubali barua ile itaje mlango unaovuja? Andika jibu lako kwa mistari mitano, ulete darasani.